Neno “je” katika lugha mbalimbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaojifunza Kiholanzi au Kifaransa huku Kiswahili kikiwa lugha yao ya kila siku. Huulizwa pia na waliokutana na “je” kwenye maandishi ya kigeni wakadhani ni ileile yetu. Majibu hayalingani kwa urefu. Kiholanzi kimechukua nafasi kubwa, maana huko neno hili limebebeshwa kazi nyingi kuliko katika lugha nyingine yoyote iliyotajwa hapa.

Neno “je” lina maana ngapi?

Haiwezekani kutaja idadi, kwa sababu hakuna “je” moja ya kuhesabia maana zake. Kwa Kiswahili neno hili hufungua swali. Kwa Kifaransa ni “mimi”. Kwa Kiholanzi ni “wewe”, na papo hapo ni “-ako”. Kwa Kicheki ni “ni” au “yupo”. Kwa Kipolandi ni “anakula”. Kwa Kihausa ni kitenzi cha kwenda. Katika Krioli ya Haiti ni “jicho”.

Hayo ni maneno saba tofauti yaliyokutana kwenye herufi mbili. Kila moja lina ukoo wake, matamshi yake na mahali pake katika sentensi. Anayeuliza “je maana yake nini?” bila kutaja lugha hajamaliza kuuliza.

Kwa Kiswahili chenyewe, “je” inafanya kazi gani?

Tunaitumia sana hata hatuioni. Ile inayosimama peke yake mwanzoni hufuatwa na koma: “Je, umekula?” Ukiiondoa, “Umekula?” bado ni swali, kwa sababu sauti inatosha kulibeba. Kazi ya “je” ni kumwandaa msikilizaji ajue kwamba kinachokuja kinamdai jibu. Ndiyo maana inapatikana zaidi kwenye hotuba, mitihani na vichwa vya habari kuliko kwenye maongezi ya watu wawili walioketi pamoja. Inaweza pia kubeba wasiwasi juu ya jambo ambalo halijatokea: “Je, akikataa?” Hapo hatuulizi kama atakataa. Tunauliza tutafanya nini akikataa.

Ya pili hunasa mwishoni mwa kitenzi: “unasemaje”, “tufanyeje”, “anaitwaje”. Hii huuliza namna au kitu chenyewe. Linganisha “Je, unasema?” na “Unasemaje?” Swali la kwanza linajibika kwa ndiyo au la. La pili ukilijibu “ndiyo”, aliyekuuliza atakutazama tu.

Kuna na ya tatu inayodanganya macho. Katika “mwambie aje” na “waache waje”, silabi “je” si neno wala kiulizi. Herufi “j” ndiyo mzizi mzima wa kitenzi “kuja”, na “e” ni alama ya kuagiza au kutaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza “Nijeje?”, akimaanisha “nije kwa namna gani?”, na silabi zile mbili zinazofuatana zikawa hazihusiani hata kidogo.

Kwa Kiholanzi “je” ni “wewe” au ni “-ako”?

Ni zote mbili, na bado kuna zaidi. Chukua sentensi hii: “Je wast je met je eigen zeep.” Maana yake ni “Unajiosha kwa sabuni yako mwenyewe.” “Je” ya kwanza ni kiima, sawa na “u-” katika “unajiosha”. Ya pili ni “-ji-”, yaani mtendaji anajitendea mwenyewe. Ya tatu ni “-ako”. Umbo moja limefanya kazi tatu ndani ya maneno saba, na Mholanzi haoni ajabu yoyote.

Inaweza pia kuwa yambwa: “Ik zie je” ni “Ninakuona”. Inaweza kukaa baada ya kihusishi: “Ik denk aan je” ni “Ninakuwaza”. Na ingawa kimsingi ni ya mtu mmoja, inaweza kurejelea watu wengi iwapo “jullie” (ninyi) limeshatajwa: “Jullie vergissen je” ni “Mnakosea”, na “je” hiyo inawarudia walewale “jullie”.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni yale ambapo “je” haimlengi mtu yeyote. “Je weet maar nooit” ni “Huwezi kujua.” “Dat doe je niet” ni “Jambo hilo halifanywi.” Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo. Tunaposema “ukilala njaa huwezi kuwaza vizuri”, hatumtuhumu msikilizaji kwamba amelala njaa.

Tofauti ya “jij” na “je” ni nini, kama zote ni “wewe”?

Vitabu vingi huanza kwa kusema “jij” ni umbo la mkazo na “je” ni umbo lisilo na mkazo. Ni kweli, lakini mjifunzaji anayejua Kiswahili ana njia fupi zaidi: “jij” ni kama “wewe” na “je” ni kama “u-”. Sisi husema “umechelewa”. Tukisema “wewe umechelewa” tunamtenga mtu na wengine, pengine tunamlaumu. Vivyo hivyo “Je bent laat” inaarifu tu, ilhali “Jij bent laat” inanyoosha kidole: wewe, wala si mimi.

Ulinganisho huu unasaidia hata pale “je” isipokubalika. Kiambishi “u-” hakiwezi kusimama peke yake, na “je” nayo haiwezi. Ukiulizwa “Nani?”, unajibu “Jij!” kama sisi tunavyojibu “Wewe!” Baada ya “dan” katika ulinganisho (“mrefu kuliko wewe”) inatakiwa “jij”, na wengi husema “jou”, ila “je” haikai hapo. Ukitaka kusisitiza yambwa unasema “jou”, na ukitaka kusisitiza umiliki unaandika “jouw”, lenye “w” mwishoni. Matamshi ya “jou” na “jouw” ni mamoja, na Waholanzi wengi huzikosea katika maandishi.

Mfumo wenyewe ni mpana kuliko neno moja. Viwakilishi vingi vya Kiholanzi vina umbo zito na umbo jepesi: “mij” na “me”, “zij” na “ze”, “wij” na “we”. Kosa la kawaida la wageni ni kutumia mazito kila mahali kwa kuwa ndiyo yanayotangulia kwenye majedwali. Husikika kama mtu anayesema “mimi nimeamka, mimi nimenawa, mimi nimekula, mimi nimetoka”. Kila sentensi ni sahihi, lakini ukizisikia zote pamoja unashangaa ana nini na hiyo “mimi”.

Kwa nini Waholanzi wenyewe hubabaika kati ya “vind je” na “vindt je”?

Kwa sababu sikio haliwasaidii. “D” ya mwisho katika “vind” hutamkwa kama “t”, kwa hiyo maumbo yote mawili husikika sawa. Kinachotawala ni kanuni mbili zinazogongana kwenye neno “je”.

Kanuni ya kwanza: kitenzi cha wakati uliopo huongezewa “-t” kwa “wewe”, mathalani “jij loopt” (unatembea). Lakini “jij” au “je” ikikaa nyuma ya kitenzi, hiyo “-t” huanguka: “Loop je?” Kanuni ya pili: kitenzi cha mtu wa tatu hubaki na “-t” popote kiima kilipo.

Sasa tazama sentensi mbili. “Vind je het mooi?” ni “Unaona ni zuri?” Kiima ni “je”, kiko nyuma ya kitenzi, kwa hiyo hakuna “t”. “Vindt je zus het mooi?” ni “Dada yako anaona ni zuri?” Hapa “je” ni “yako” tu. Kiima ni “je zus”, dada yako, kwa hiyo “t” inabaki. Mwandishi mwenye haraka anaona “je” nyuma ya kitenzi, anaifuta “t”, na kosa limeshaingia.

Kuna namna mbili za kujikagua. Weka “jij” badala ya “je”: sentensi ikikubali, andika bila “t”. Ikikubali “jouw”, andika na “t”. Ama badilisha kitenzi, weka “lopen”, ambacho “t” yake inasikika wazi: “loop je” lakini “loopt je zus”. Namna ya pili ndiyo ninayoiona bora, kwa kuwa inampa mtu jibu kwa sikio bila kumlazimisha kuchambua sarufi.

Naweza kumwita mtu yeyote “je”?

La. Kwa mtu usiyemzoea, mzee, au mtu aliye kazini anayekuhudumia, umbo la heshima ni “u”, na hilo halipotezi “-t” ya kitenzi hata likikaa nyuma: “Vindt u?” Siku hizi “je” imeenea sana, hata kati ya watu wasiojuana. Ukiwa na shaka anza na “u”, usubiri mwenzako akuambie uhamie kwenye “je”. Kiswahili huweka heshima kwenye maamkizi na majina ya kuitana, kiwakilishi kikabaki kilekile. Kiholanzi huweka sehemu kubwa ya heshima hiyo ndani ya kiwakilishi chenyewe, na ndiyo maana kosa hapo linaonekana haraka. Katika eneo la Flanders, Ubelgiji, utasikia pia “ge” na “gij” mahali ambapo Mholanzi angesema “je” na “jij”.

Na hiyo “-je” iliyo mwishoni mwa maneno ya Kiholanzi?

Hiyo haina uhusiano na kiwakilishi. Ni kiambishi cha udogo: “huis” ni nyumba, “huisje” ni kijumba. Hubadilika kulingana na sauti inayotangulia: “boom” (mti) huwa “boompje”, “man” huwa “mannetje”. Kazi tunayoifanya kwa “ki-” mwanzoni mwa neno, wao huifanya mwishoni. Nomino yoyote ikishapata kiambishi hiki katika umoja huhamia kwenye kundi la “het”, hata kama zamani ilikuwa ya “de”, kama vile “mtu” na “mtoto” zinavyotoka ngeli ya watu zikiitwa “kijitu” na “kitoto”.

“Je” ya Kifaransa na “je” ya Kiholanzi si ndugu? Nchi zenyewe ni jirani.

Lugha hizo mbili ni ndugu wa mbali, maana zote ni za jamii ya Kiindo-Ulaya. Lakini maneno haya mawili si ndugu.

“Je” ya Kifaransa ilitoka Kilatini “ego”. Sauti ya katikati ilidhoofika ikapotea. Katika Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842, maandishi ya kale kabisa yanayohesabiwa kuwa ya Kifaransa, “mimi” imeandikwa “eo” na “io”. “Io” ikawa “jo”, na “jo” ikawa “je”. Leo imechakaa kiasi kwamba mbele ya irabu hubaki “j’” peke yake, na haiwezi kusimama bila kitenzi. Mfaransa akiulizwa “Nani?” hujibu “Moi”.

“Je” ya Kiholanzi ilianzia upande mwingine, kwenye kiwakilishi kilichomaanisha “ninyi” katika lugha ya kale iliyozaa Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani. Ndugu yake wa karibu ni “you” ya Kiingereza. Kiholanzi cha zama za kati kilikuwa na “du” kwa mtu mmoja. Watu walizoea kumwita mtu mmoja kwa wingi kwa ajili ya heshima, wingi ukameza umoja, na “du” ikatoweka. Baada ya hapo lugha ikakosa namna ya wazi ya kusema “ninyi”, ikaunganisha “je” na neno la “watu”, na ndiko “jullie” ilikozaliwa.

Ndugu halisi wa “je” ya Kifaransa ndani ya Kiholanzi ni “ik”, yaani “mimi”. “Ego”, “je”, “ik”, “ich” ya Kijerumani na “jeg” ya Kinorwe zote zinarudi kwenye neno moja la kale. Maneno yanayofanana kwa macho hayana undugu, na yasiyofanana hata herufi moja ni ndugu wa damu. Nikiambiwa nichague jambo moja tu ambalo msomaji aondoke nalo kwenye ukurasa huu, nitachagua hilo.

Na kuna jambo la kupendeza zaidi. Katika lahaja kadhaa za mashariki mwa Norwe, “jeg” hutamkwa na kuandikwa “je”. Kwa hiyo Mnorwe wa huko na Mfaransa wote huandika “je” kwa maana ya “mimi”, na neno lao kweli ni la asili moja. Hata hivyo kila upande ulilifikia umbo hilo kwa njia yake, pasipo kuazimana.

Lugha za Kislavoni zinaitumiaje?

Kwa wingi mno. Kicheki, Kislovakia, Kislovenia, Kikroatia na Kiserbia zote hutumia “je” kwa maana ya “ni” au “yupo”. “Kde je?” kwa Kicheki ni “Yuko wapi?” Neno hili linatoka kwenye mzizi uleule uliozaa “est” ya Kilatini na “is” ya Kiholanzi.

Kipolandi kimeshika njia nyingine. Huko “ni” huitwa “jest”, na “je” ni “anakula”. Kwa hiyo “Jan je” kwa Mcheki ni “Jan yupo”, na kwa Mpolandi ni “Jan anakula”. Lugha hizi ni jirani na wasemaji wake huelewana nusu nusu, jambo linalozidisha mkanganyiko. Kislovenia kina zote mbili: “je” ni “yupo” na “je” ni “anakula”, na muktadha ndio unaoamua.

Halafu kuna “je” ya kiwakilishi. Kwa Kipolandi “widzę je” ni “ninawaona” au “ninaviona”, na kwa hiyo “on je je” ni sentensi kamili: “anavila”. Kikroatia hakitaki mgongano wa namna hiyo. Huko “je” inaweza kuwa kitenzi na inaweza kuwa “-m-” ya mwanamke katika “nilimwona”. Zikitakiwa kufuatana, kiwakilishi hubadilishwa kuwa “ju”: “Vidio ju je”, “Alimwona”. Lugha yenyewe imetunga kanuni ya kuepuka “je je”.

Msemaji wa Kiswahili akifika kwenye “Je li to istina?” ya Kikroatia lazima asimame kidogo. Tafsiri yake ni “Je, hiyo ni kweli?” Mahali ni palepale, kazi inaonekana ileile. Lakini huko “je” ni “ni”, na kinachouliza ni “li”. Imesadifu tu.

Je ya Kihausa na ya Kiyoruba? Hizi si za Afrika kama yetu?

Kuwa bara moja hakutoshi. Kihausa ni cha jamii ya Kiafrika-Kiasia, pamoja na Kiarabu na Kiamhari. “Ya je kasuwa” ni “Alienda sokoni”, na “zan je gida” ni “nitaenda nyumbani”. Mtu anaweza kushawishika kuiunganisha na “aje” yetu, kwa kuwa kwenda na kuja ni mambo yanayokaribiana. Asifanye hivyo. Silabi moja na maana inayokaribia tu ni ushahidi mwembamba mno. Undugu huthibitishwa na mfululizo wa maneno mengi ambamo sauti fulani ya lugha moja hulingana kila mara na sauti fulani ya lugha nyingine.

Kiyoruba ni ndugu wa mbali wa Kiswahili katika jamii ya Niger-Kongo, lakini huko hatuna “je” moja ya kuzungumzia. Irabu yenye nukta chini yake, “ẹ”, ni wazi kuliko “e” ya kawaida, na toni hubadilisha maana. “Jẹ” ya toni ya kati ni kula: “Ó jẹ iṣu”, alikula kiazi kikuu. “Jẹ́” ya toni ya juu ni kuwa: “Ó jẹ́ olùkọ́”, yeye ni mwalimu. Kwenye ujumbe wa simu watu huacha nukta na alama za toni, na maneno hayo yote hubaki “je”. Msomaji wa Kiyoruba huzirudisha kichwani bila taabu. Mgeni hawezi.

Anayetafuta undugu wa Kiyoruba na Kiswahili hapa hana haja na “je” yetu ya maswali. Aanze na maneno yenye maana moja: aweke “jẹ” kando ya “-la” ya “kula”, kisha aendelee na mamia ya maneno mengine.

Kwa nini herufi moja hutamkwa kwa namna nyingi hivyo?

Kwa sababu “j” ni herufi changa. Kilatini kiliandika “i” kwa irabu na kwa ile sauti tunayoiandika “y”. Gian Giorgio Trissino wa Italia alipendekeza mwaka 1524 zitenganishwe, na wazo hilo likaenea polepole. Lakini kufikia hapo sauti zenyewe zilikuwa zimeshatawanyika. Kiholanzi, Kijerumani na lugha nyingi za Kislavoni zinazoandikwa kwa Kilatini huisoma “j” kama “y” yetu, kwa hiyo “je” ya Kicheki hutamkwa “ye”. “Je” ya Kiholanzi huanza hivyohivyo, ila irabu yake ni hafifu, karibu imezwe. Wafaransa wana sauti laini iliyo kati ya “z” na “sh”, ambayo Kiswahili hakina. Wahispania huikwaruza kooni, karibu na “kh”. Tahajia yetu ilifuata konsonanti za Kiingereza, ndiyo sababu “j” yetu ni ya jembe.

Herufi hii ilizua hata ugomvi. Vuk Karadžić alipoiingiza katika alfabeti ya Kisiriliki ya Waserbia, kwenye kamusi yake ya mwaka 1818, kanisa la Kiorthodoksi lilimshambulia kwa kuleta herufi ya Kilatini.

Kwa nini maneno mafupi hugongana kiasi hiki?

Kwanza ni hesabu. Lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5 ina silabi 100 tu za aina ya “ba, be, bi”. Duniani kuna lugha takriban 7,000. Ni lazima silabi moja iangukie maana nyingi.

Pili, maneno yanayotumika sana huwa mafupi. Mmarekani George Kingsley Zipf alilieleza hilo kwa takwimu katika miaka ya 1930. “Mimi”, “wewe”, “ni”, kiulizi: hayo ndiyo husemwa mara nyingi kwa siku, na ulimi huyapunguza kizazi baada ya kizazi. Safari ya “ego” hadi “j’” ni mfano tosha. Basi maneno ya kazi ya kila lugha yanasongamana kwenye uwanja uleule mdogo.

Wakati mwingine hata maana hugongana. Mwanaisimu R. M. W. Dixon aliyefanya utafiti katika Queensland, Australia, alikuta kwamba katika lugha ya Mbabaram mbwa huitwa “dog”, kama kwa Kiingereza. Hapakuwa na kuazima. Lugha ya jirani, Yidiny, humwita “gudaga”, na Mbabaram ilikuwa imekata mwanzo na mwisho wa neno la kale la namna hiyo.

Nimeona “je” kwa Kijerumani, Kiesperanto na Kikorea pia. Maana yake?

Kwa Kijerumani ni “kila mmoja” au “wakati wowote”: “je zwei” ni “wawili wawili”, na “je mehr, desto besser” ni “kadiri inavyozidi ndivyo inavyokuwa bora”. Kiesperanto, lugha aliyoitangaza Zamenhof mwaka 1887, kina “je” ya makusudi kabisa: kihusishi kisicho na maana maalumu, cha kutumia pale ambapo vingine havifai. Hutumika zaidi kwa saa: “je la tria” ni “saa tisa”, maana wao huhesabu kuanzia usiku wa manane au adhuhuri. Kikorea kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, “je” ni “-angu” ya unyenyekevu, ya mtu anayejishusha mbele ya mkubwa wake. Na ukiona “jejeje” kwenye ujumbe wa Kihispania, mtu anacheka.

Kuna viwakilishi vingine vya Kiholanzi vinavyomchanganya msemaji wa Kiswahili?

Viwili hasa. “We” ya Kiholanzi ni “sisi”, na “we” yetu ni “wewe” iliyofupishwa, tena yenye ukali kidogo. “We gaan” ni “tunaenda”, wala hakuna anayefokewa. Cha pili ni “u”. Kwetu “u mzima?” ni “wewe ni mzima?”, na kwao “u” ni “wewe” ya heshima. Safari hii maana zimekaribiana kweli, na huu ni mgongano unaosaidia kukumbuka. Matamshi tu ndiyo tofauti: “u” yao hutamkwa kwa midomo ya “u” na ulimi wa “i”.

Kwa nini programu ya tafsiri hukosea nikiandika “je” peke yake?

Programu hubahatisha lugha kwa kuangalia mfuatano wa herufi na maneno. Herufi mbili hazitoi ushahidi wa kutosha, kwa hiyo huegemea lugha yenye maandishi mengi, mara nyingi Kifaransa. Andika sentensi nzima, au chagua lugha mwenyewe kabla ya kuandika.

Nitajuaje “je” niliyoiona ni ya lugha gani?

Tazama majirani zake. Ikifuatwa na koma mwanzoni mwa swali, kuna uwezekano mkubwa ni Kiswahili. “Het”, “een”, “niet” na herufi “ij” ni dalili za Kiholanzi. “Suis”, “ne” na “pas” ni za Kifaransa. “Li” ikiifuata papo hapo, pamoja na “đ” au “ć” pembeni, ni Kikroatia, Kibosnia au Kiserbia. “Ł” na “ą” ni Kipolandi. Nukta chini ya “ẹ” na “ṣ” ni Kiyoruba, na “ɗ” au “ƙ” ni Kihausa. Kigumu zaidi ni kutenganisha Kicheki na Kislovakia, kwa sababu “je” ni “ni” katika zote mbili na sentensi nzima inaweza kufanana. Hapo tafuta herufi za pembeni: “ř”, “ě” na “ů” ni za Kicheki, “ľ”, “ô” na “ä” ni za Kislovakia.